Meno ya Mtani Wangu

Alhamisi, 2 Machi 1995

Daftari hili lilikuwa la maandalio ya masomo. Nilistaafu kabla halijajaa, nami sipendi karatasi ilale bure. Kwenye jalada palikuwa na nafasi za kujaza, nikazijaza kama zamani. Jina: Mwalimu Cornel. Shule: nyumbani, Magomeni, Kilosa. Somo: subira. Idadi ya wanafunzi: mmoja, mtoro.

Nitaandika toka leo mpaka Regina aolewe. Mvua ya kwanza imenyesha alfajiri, na binti yangu huyo amefika mchana kutoka Mikumi, matope mpaka magotini. Harusi ni tarehe kumi na tano Julai. Anaolewa na Isaya, bwana mifugo wa huko, mtoto wa mzee Seuri mwenye ng'ombe mbugani. Nimemkagua kijana mara tatu sikuona kosa, jambo linaloniudhi kidogo.

"Baba," akasema, "siku hiyo utasimama uzungumze."

"Baba yako mdogo ana sauti nzuri."

"Baba mdogo hakunilea. Mama hayupo. Nani atanisemea kama si wewe?"

Nikaenda kumtilia chai. Anajua sababu, Kilosa nzima inaijua. Nina miaka sitini na nne na sina jino hata moja. Niliyonayo ni ya bandia, ya Morogoro, na ya chini hayajawahi kunizoea. Tulipomzika mama yake, Doris wangu, Novemba ya mwaka juzi, nilikuwa nasoma wasifu wa marehemu mbele ya watu. Nilipofika kwenye "ameacha mume na mtoto mmoja", meno ya chini yakaruka yakaangukia kwenye kifusi cha kaburi. Hakuna aliyepumua. Ndipo mtani wangu Yassin alipojitupa kaburini, akalala chali, akapiga kelele: "Sitoki humu! Msagara bahili huyu, wenzake wanalipa rambirambi, yeye analipa meno!" Watu wakacheka mpaka wakalia upya. Nilimshukuru na kumchukia papo hapo. Tangu siku ile sijasimama mbele ya watu, hata kanisani sisomi tena somo.

Yassin ni Mnyamwezi. Babu yake aliletwa kukata mkonge Kimamba, yeye mwenyewe alikuwa gangi wa reli, mtengeneza njia ya treni, mpaka walipopunguzwa, na sasa anatengeneza baiskeli nyumba ya tatu kutoka kwangu. Sisi Wasagara na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Mtani akishika kitu chako, ni chake. Ukikasirika, mkosaji ni wewe.

Regina kaleta na habari nyingine. Siku hizi ni ruksa kila kitu: maduka yamejaa, mashamba ya mkonge yanatafuta wanunuzi, na sasa hata meno yanakuja na wageni. Kuna mradi Mikumi, wa Daktari Anselmi na wenzake wa ng'ambo. Wanataka wazee wasio na meno, wawalinganishe. Nusu watapewa meno ya bandia ya kawaida, mapya. Nusu watatobolewa taya na kuwekewa vigingi vya kushikilia meno. Atakayepata kipi, ni kwa kura.

Niandike ukweli kwa kuwa hakuna anayesoma. Doris aliingia kwenye upasuaji anatembea kwa miguu yake, akatoka kwenye machela, amefunikwa uso. Kisu nakiogopa kuliko simba. Nitakwenda, kwa ajili ya Regina, lakini nimemwomba Mungu anipe kura ya kawaida.

Ijumaa, 3 Machi

Idi. Yassin kaleta pilau. Tumekula wali, nyama tumeifyonza tukaiweka kando. Nimemweleza habari za mradi. Yeye hajawahi kuwa na meno ya bandia kabisa. Amezoea kutafuna kwa fizi, na ndizi mbivu anaziita nyama. "Twende wote," akasema. "Nani atakucheka njiani?"

Jumanne, 7 Machi

Mvua.

Alhamisi, 9 Machi

Leo yametokea ninayopaswa kuyaandika pole pole.

Tulifika Mikumi saa nne, basi lilikwama mara mbili kabla ya kijiji cha Ulaya. Tulikuwa wazee ishirini na wanne kwenye mabenchi, na hakuna jino hata la dawa. Muuguzi anaitwa Lucy, binti wa wafugaji, mpole, mwenye kucheka kwa macho. Alituamkia mmoja mmoja, shikamoo ishirini na nne, hakuruka mtu.

Daktari Anselmi akasimama. Anaongea kama mwalimu mzuri, nami huwa siwasifu ovyo. "Meno ya kawaida," alisema, "yanalala juu ya ufizi. Yanashikwa na mate, ulimi na bahati. Ya juu hukaa vizuri. Ya chini ndiyo watoro." Wazee wakaguna, kila mmoja na yake. "Njia ya pili, tunatoboa mfupa wa taya ya chini, tunaweka vipandikizi viwili, tunashona ufizi. Tunasubiri miezi mitatu mfupa uvikumbatie. Kisha tunavifunua, na meno yanajibana juu yake kama vifungo vya kubonyeza vya blauzi. Wenzetu wa ng'ambo wanasema ni bora. Lakini kuna kisu, kuna kusubiri, na sijui kama kwa mzee wa kwetu, wa kula ugali na mahindi ya kuchoma, faida inazidi taabu. Ndiyo maana tunapiga kura. Sitachagua mimi, hamtachagua ninyi."

Lucy akapitisha boksi. Tukaambiwa tuchukue karatasi, tusome, tuipeleke mezani kwake iandikwe.

Yassin alipata KAWAIDA. Mimi nilipata VIPANDIKIZI.

Niliisoma mara tatu. Nilimwona Doris, shuka la kijani, soksi zake. Nikawa natafuta mlango kwa macho, niende zangu nyumbani, harusi na hotuba vyote basi.

Ghafla Yassin akaninyang'anya karatasi mkononi. "Mtani, hii nimeipenda," akasema kwa sauti, akanitupia yake mapajani. "Wewe Msagara, meno ya misumari ya nini? Hayo ya watu wa reli." Benchi zima likacheka. Kila mzee pale anajua utani. Lucy alikuwa ameinamia rejista yake, hakuona. Tulipofika mezani akaandika kile kila mmoja alichoshika.

Nilipumua. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Lakini tulipokuwa tunarudi, Yassin amekaa dirishani anajipapasa taya na kupiga mluzi wa fizi, jambo jingine likanipanda. Yale yalikuwa meno yangu.

Jumapili, 12 Machi

Mvua siku nzima. Mto Mkondoa umepanda. Kanisani somo kasoma kijana, kwa haraka, kama anafukuzwa.

Alhamisi, 16 Machi

Yassin amefanyiwa upasuaji. Nilimsindikiza; watoto wake wako Tabora na Dar, na mtani hapelekwi hospitali na upepo. Nilikaa nje chini ya bati, mvua inapiga, nikahesabu mabati: kumi na manane. Baada ya saa moja na nusu akatoka anatembea, shavu limeumuka kama andazi, mate mekundu kwenye kitambaa. Hawakumlaza usingizi, ni ganzi tu. Sikujua kwamba ni ganzi tu.

"Miaka thelathini nimepigilia misumari kwenye mataruma ya reli," akasema kwa midomo mizito. "Leo taruma ni mimi."

Jumamosi, 18 Machi

Homa imemshika. Shavu limezidi. Nimempikia uji wa mchele, nikauchuja, nikampa kwa kijiko, maana mdomo haufunguki. Haongei. Nyumba ya Yassin bila maneno inatisha.

Jumapili, 19 Machi

Bado. Sikwenda kanisani. Dawa kila baada ya saa sita. Alipolala niliogopa, nikaweka kiganja mbele ya pua yake kama tulivyokuwa tunafanya kwa Regina mchanga.

Jumatatu, 20 Machi

Ameamka akaniita mpagazi wa uji. Atapona.

Alhamisi, 6 Aprili

Nimepata meno yangu! Juu na chini, mapya. Walinipima kwa plasta na nta wiki zilizopita, na leo Daktari Anselmi ameyaweka, akayasugua hapa, akayapunguza pale. Nilijitazama kwenye kioo cha Lucy nikamwona mtu niliyemfahamu mwaka sabini na tano. Nikasema "Habari za asubuhi, darasa" na hayakutoka.

Lucy akanijaza dodoso. Kila mwezi ataniuliza yale yale, na Yassin vile vile, alama kutoka sifuri mpaka kumi. Unatafuna ugali vipi? Nyama? Karanga? Mahindi ya kuchoma? Na mwisho: je, meno yamewahi kutoka ukiwa mbele za watu? Ugali nilijipa tisa. La mwisho nikasema hapana, maana kaburini yalikuwa meno mengine.

Yassin ana meno ya juu tu kwa sasa. Chini ni ufizi ulioshonwa, anatakiwa ale laini. Anaonekana kama mlango uliofungwa nusu.

Jumapili, 16 Aprili

Pasaka. Nimekula nyama kwa kisu na uma, vipande vya punje. Nimeringa mbele ya Yassin, yeye na uji wake. Akasema, "Tafuna, tafuna. Yangu yanaota."

Jumatano, 19 Aprili

Punje ya karanga imeingia chini ya meno. Nilidhani nimekanyaga msumari kwa mdomo.

Alhamisi, 4 Mei

Mikumi. Dodoso. Ugali saba. Nyama nne. Karanga moja. Ya chini yameanza tabia: nikipiga chafya yananyanyuka, nikisema haraka yanacheza. Daktari anasema mfupa wangu wa chini umeisha, umekuwa mwembamba kama ukingo wa sahani, hakuna cha kushika. Yassin mfupa wake ni mzuri bado.

Mfupa wangu ndio uliohitaji misumari. Nimeliwaza hilo njia nzima ya kurudi, na mvua.

Jumatano, 10 Mei

Idi ya kuchinja. Yassin kachinja mbuzi, kaigawa nyama yote, mwenyewe kanywa supu. Sikwenda kwake. Nilisema kichwa kinaniuma.

Jumanne, 16 Mei

Mkondoa umekata njia. Yassin kapita na baiskeli ya mteja, kanipigia kengele, sikutoka.

Jumamosi, 27 Mei

Mahindi mabichi yamefika sokoni. Moshi wa mahindi ya kuchoma kila kona. Nilijaribu. Sitaandika.

Jumatatu, 5 Juni

Regina amekuja na Isaya. Isaya kaniamkia, akakaa chini kwa adabu, akaanza kurekebisha bawaba ya dirisha bila kuambiwa. Bado sijapata kosa lake.

Regina akataka kusikia hotuba yangu. Nimeiandika tangu Pasaka, kurasa mbili, nimeikariri. Nikasimama sebuleni mbele ya watoto wale wawili tu. Mstari wa tatu unataja jina la mama yake. Nilipolitaja, meno ya chini yakanyanyuka yakanijaa mdomoni. Nikayabana kwa ulimi, nikayameza maneno. Regina akageukia dirishani. Hakutaka nimwone.

"Si lazima, baba," akasema. "Baba mdogo atasema."

Ni yeye aliyesema hivyo safari hii.

Walipoondoka nilikaa na daftari hili na hasira yangu. Kura ilikuwa yangu. Mungu alinipa mimi, mfupa wangu ndio mbaya, hotuba ni yangu, mtoto ni wangu. Mnyamwezi huyu ana hotuba gani? Atawahutubia baiskeli? Keshokutwa njia ikifunguka nakwenda Mikumi kusema. Utani una mpaka.

Alhamisi, 8 Juni

Nimekwenda. Nilimkuta Lucy peke yake anapanga majalada.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Mwanangu, kuna dhuluma imefanyika kwenye mradi wenu." Nikamweleza: karatasi, benchi, kicheko. Nilisema kwa sauti ya darasani. Nilitegemea ashtuke.

Hakushtuka. Aliketi, akaweka mikono juu ya jalada. "Najua, mwalimu. Nimelibeba tangu Machi."

"Unajua?"

"Siku ile ya upasuaji mzee Yassin alikuwa kwenye kiti, daktari ananawa mikono. Presha yake ilipanda nikataka kuahirisha. Akanishika mkono kwa nguvu, alama ya saa yangu ilikaa siku mbili. Alikuwa anasoma dua zake anatetemeka. Nikamwambia, babu, kama unaogopa tunaacha. Akasema, 'Hapana, binti. Nikiacha watamrudia mtani wangu. Mke wake aliingia kwenye chumba kama hiki hakutoka hai. Nilimwona siku ya kura anatafuta mlango. Akikimbia hapa, hatapata meno ya aina yoyote, na binti yake anamsubiri aseme. Kwa hiyo nimemnyang'anya. Akinikasirikia ni afadhali, kuliko kujiona mwoga.'"

Nilimwomba maji, nikayanywa yote.

Nimerudi nyuma kwenye daftari hili usiku wa leo. Tarehe mbili Machi: nimemwomba Mungu anipe kura ya kawaida. Tarehe tisa: nilipumua. Ni mwandiko wangu. Miezi mitatu nimekuwa nikimdai mtu kitu nilichokuwa nakikimbia. Na yeye alikuwa anaogopa vile vile.

Pale pale kliniki nilimwambia Lucy aniitie daktari. Akasema, "Mwalimu, ukisema watawatoa kwenye mradi. Wiki ijayo ndiyo wanamfunulia mzee Yassin. Vifaa ni vya mradi." Ndilo lililonitia baridi. Lakini nimefundisha watoto hesabu miaka thelathini na tano. Daktari yule analinganisha ili ajue ukweli, na ndani ya mizani yake tulikuwa tumeweka vidole sisi wawili. Na msichana huyu angeendelea kulibeba peke yake.

Nilimweleza Daktari Anselmi yote. Nilisema kosa ni langu, nilimwachia. Lucy nikasema hakujua. Hilo kwenye daftari natubu. Alivua miwani akajisugua macho. "Wazee wangu," akasema. "Nimewaza wizi, nimewaza umeme, nimewaza mafuriko. Utani sikuuwaza, na mama yangu ni Mluguru, nimelelewa kwenye utani!" Kisha akawa mkali: nyote wawili mnatoka kwenye hesabu leo. Kuhusu vifaa lazima awaulize wenzake wa ng'ambo kwa faksi. Tusubiri.

Nimempokonya Yassin meno kwa ukweli. Sijui nitamwambiaje.

Ijumaa, 9 Juni

Nilimwambia akiwa anaziba pancha. Alisikiliza mpaka mwisho, tairi mkononi, akiipitisha kwenye karai la maji.

"Yule binti mdomo wake!" akasema. Kisha, "Basi sasa unajua na mimi niliogopa. Usimwambie mtu Kimamba."

"Na wakikataa kumalizia?"

"Nitakufa na misumari miwili ndani ya ufizi. Watu wa reli watakaonizika watafurahi." Akaona povu kwenye tundu, akaweka alama. "Umefanya vizuri kusema, Cornel." Hajawahi kuniita jina langu. Ilinichoma kuliko tusi.

Jumatatu, 12 Juni

Hakuna habari. Mvua imekatika.

Jumanne, 13 Juni

Hakuna habari.

Alhamisi, 15 Juni

Tulikwenda tarehe ile ile ya zamani, bila kuitwa. Daktari alikuwa na karatasi ya faksi. Akaisoma, akaikunja. "Meno ni yenu," akasema. "Hesabu si yenu." Akamwambia Lucy achemshe vyombo. Niliingia naye mle ndani safari hii. Nilishika mkono wa Yassin, au yeye aliushika wangu. Ufizi ukafunuliwa, na vipandikizi viwili vikang'aa, vimekamatwa na mfupa barabara. Daktari alivigonga kwa kijichuma, vikalia kama reli nzima.

Alhamisi, 29 Juni

Yassin ana meno ya chini. Yanaingia na kutoka kwa mlio: ta! Ukitaka kuyatoa unapandisha kwa kidole gumba. Kwa ulimi hayatoki, kwa chafya hayatoki. Alitikisa kichwa kama mbuzi aliyeona maji, hayakutoka. Tulipofika standi alinunua hindi la kuchoma akalipiga kwa meno, mstari baada ya mstari, huku machozi yanamtoka, na punje zote zikaisha. Niliona raha. Nimejichunguza vizuri kama kuna wivu, nikaona kidogo tu, nyuma huko, hauna nguvu.

Jumamosi, 1 Julai

Nimefanya mazoezi ya hotuba mbele ya Yassin. Yangu yameruka mara tatu. Yeye alisema nisimame tu, mengine yatajipanga. Nimemwandikia Regina: nitasema mimi.

Jumatano, 12 Julai

Sina usingizi. Mbona nilimwandikia?

Jumamosi, 15 Julai

Nimerudi sasa hivi na bado nina suti.

Kanisani Regina alivaa hereni za mama yake. Mchana tukakaa kwenye ukumbi wa shule, Mikumi. Upande mmoja ndugu zangu wa Kilosa na Kimamba, upande wa pili watu wa mzee Seuri na mashuka yao mekundu, na katikati nyama ya kutosha kijiji. Lucy alikuja, kavaa gauni la bluu. Yassin alikaa meza ya wazee, soda ya machungwa mbele yake, ameshatafuna mbavu tatu ili watu wamwone.

Nikaitwa. Nikasimama. Sikuwa na karatasi.

"Wakwe zangu," nikasema, "ndugu zangu." Yalikaa. "Nimekuja na binti mmoja." Yalikaa. "Wa kwangu na wa Doris."

Yakaja juu. Nikaweka kiganja mdomoni, yamejaa mle ndani kama kokoto, siwezi kusema wala kumeza. Ukumbi ukanyamaza. Niliutambua ukimya ule. Ni ule ule wa kaburini. Nilimwona Regina ameinuka nusu kwenye kiti chake.

Ndipo nikasikia: ta!

Watu wote waligeuka. Yassin amesimama, amepandisha kidole gumba, meno yake ya chini ameyainua juu kama mtu anayenadi saa. "Mnayaona haya?" akasema, na maneno yakatoka mapana, ya fizi. "Yana misumari! Hayatoki hata yakivutwa na garimoshi! Nayatoa mwenyewe, maana Msagara huyu leo hatasema bila meno peke yake." Akayatumbukiza kwenye soda yake. Kisha akaisogeza glasi mpaka ukingoni mwa meza, upande wangu.

Kicheko kilianzia kwa wanawake kikaenda mpaka nje kwenye masufuria. Mzee Seuri akafunua mdomo wake, akaonyesha pengo la meno mawili ya mbele chini waliyomng'oa utotoni kama mila yao, akasema kwa sauti, "Mkwe, mimi yangu mawili nayangoja miaka sitini! Sema tu!"

Niliyatoa. Nikayaweka kwenye soda juu ya yale ya Yassin.

Sikusema kurasa zangu mbili. Nilisema kwa fizi, taratibu, na kila mtu alisikia. Nilisema mama yake Regina alikuwa akicheka mpaka anashika ukuta, na leo angeshika ukuta. Nilimwambia Isaya nimetafuta kosa lake tangu Machi nimechoka, akipata moja aniletee. Nilimwambia Regina, "Nilikaa kimya karibu miaka miwili kwa sababu ya aibu, mwanangu, na wewe ukaona ni huzuni ukanihurumia. Nisamehe. Nakupenda, na nimefurahi, nami nimesema mwenyewe." Alikuja akanikumbatia shada la maua likavunjika.

Nilipokaa, Yassin alikuwa anavua meno kwenye soda kwa kijiko. Akanipa yangu kwanza.

Jumapili, 16 Julai

Jua. Asubuhi Yassin kaja na mahindi mawili ya kuchoma. Lake kalitafuna. Langu kalikwangua punje kwa kisu, akazitwanga kidogo, akaniwekea kwenye sahani. "Hiki kisu," akasema, "usikikimbie."

Kwenye hesabu ya Daktari Anselmi hatumo, na haki yake. Ila kurasa bado zipo, basi nimejaza dodoso la mwisho mwenyewe, la watu wawili.

Mahindi ya kuchoma. Meno ya kawaida: sifuri, mahindi yakikwanguliwa, kumi. Ya misumari: kumi.

Je, meno yamewahi kutoka ukiwa mbele za watu? Yangu: mara mbili, kaburini na harusini, zote bila ruhusa yangu. Ya Yassin: mara moja, na aliyatoa mwenyewe.